Picha Zilizoshuka Ukutani

Sajini Enoka Sikana hakuwa mtu wa kupiga magoti ovyo. Alipiga kanisani tu, na hata huko mkewe alimlaumu kwamba anawahi kunyanyuka. Lakini Jumatano ile asubuhi alikuwa chini, magoti na viganja, kwenye sebule ya fundi Damiano Nzunda pale Igamba, pua karibu iguse udongo. Fundi mwenyewe alisimama mlangoni, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni, akimtazama kwa mashaka.

"Picha zilikuwa ukutani, Sajini," alisema fundi kwa upole. "Sakafuni hapakuwa na kitu."

"Mwizi hana mabawa. Lazima alisimama hapa," Enoka alijibu bila kuinua kichwa.

Fundi akapiga mwayo. Tangu Jumamosi alikuwa hapati usingizi, na macho yake yalisema hivyo.

Mwaka ule wa hamsini na nne hapakuwa na mtu Mbozi nzima aliyekuwa na picha ya zamani asimjue Damiano. Wenzake walikusanya ng'ombe, yeye alikusanya picha. Alizikusanya zile zilizopigwa na wamisheni, na za wapima ardhi, na za yule Mhindi aliyepita na sanduku lake la miguu mitatu. Alikusanya hata zile ambazo vijana waliotoka migodini Rhodesia walirudi nazo, wamevaa suti za kuazima mbele ya pazia lililochorwa maua. Alizifuata kwa baiskeli mpaka Mkwajuni, mpaka Mpemba, mpaka Tunduma na kwa ndugu zao ng'ambo ya mpaka. Hakuwa na pupa. Alikunywa chai ya watu, akasikiliza habari za aliye pichani mpaka babu yake, ndipo akalipa kwa sindano: gauni kwa picha, kaptura kwa picha. Aliyeshindwa kuachana na yake alimwazima. Na mtu akimwambia picha imeliwa na panya, Damiano alitoa pole kama amefika msibani.

Hivyo katika nyumba ya udongo yenye vyumba vitatu kulikuwa na nyuso za watu ambao wajukuu wao walikuja kuwatembelea kila Jumapili baada ya ibada. Waliingia wakicheka, wakatoka wakitembea polepole. Mimi sijui kazi nzuri kuliko hiyo kwa fundi cherehani.

Sasa, Jumamosi iliyopita, wakati fundi yuko kibandani kwake sokoni, picha nne zilitoweka kwenye ukuta unaotazamana na mlango. Tatu zilikuwa zake. Ya nne, na hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi, aliazimwa na Mama Teresia wa Mpemba. Ilikuwa picha pekee duniani ya mumewe Yonasi, aliyechukuliwa na mafuriko ya mto Momba wakati Teresia ana mimba ya Priska. Priska alikuwa anaolewa Jumamosi hii, na alikuwa ameomba kitu kimoja tu: atoke kwa mama yake akiwa na uso wa baba yake mkononi. Teresia alikuja Jumatatu kuifuata picha, akakuta msumari. Hakupiga kelele. Alivuta kigoda akaketi, akautazama ule msumari mpaka chai yake ikapoa.

Habari hazikulala. Kufika Jumanne waliomwazima fundi picha zao walianza kutuma salamu kwamba watazipitia. Wawili walikuwa wamekwisha kuzichukua. Kama picha ya Yonasi isingepatikana kabla ya harusi, hakuna ambaye angemwamini tena Damiano hata na picha ya mbuzi, na kazi ya miaka ishirini ingerudi masandukuni kwa watu, kwenye panya.

Enoka alinyanyuka, akajipangusa magoti. Mlango haukuwa umevunjwa. Dirisha lilikuwa dogo, mtu mzima asingepita. Misumari minne ilikuwa imenyooka vilevile, maana yake picha ziliteremshwa, hazikunyofolewa. Aliyezishusha hakuwa na haraka. Sakafu ndiyo iliyomuudhi. Ilikuwa imepakwa udongo na samadi upya, laini, haina alama ya mguu. Pale chini ya ukuta wa picha, kipande kidogo kilikuwa kimebanduka, na Enoka alipokigusa kwa kucha aliona tabaka moja jembamba juu ya udongo wa zamani uliopasukapasuka. Kuanzia mlangoni mpaka katikati ya chumba, tabaka lilikuwa nene, moja juu ya lingine. Aliliona, akalipita. Kichwani alikuwa na jambo moja: nani amemfutia mwizi nyayo zake?

Akamwomba fundi amweleze picha moja moja. Damiano alisimama mbele ya msumari wa kwanza kama vile picha ingali pale.

"Hawa ni waashi wa kanisa, mwaka wa ishirini na sita. Wamejipanga mbele ya ukuta ambao haujafika dirishani. Huyu wa pembeni mwenye kofia ya ukindu ni mimi, nilikuwa nachota maji." Akasogea. "Hapa ni wachenjua dhahabu, Mkwajuni. Nilikwenda kutafuta utajiri nikarudi na homa. Mwenye karai ni mimi. Hii ya tatu ni mavuno ya kwanza ya kahawa ya mzee Mgala, watu wamekaa juu ya magunia, mimi nimechuchumaa mbele." Alipofika kwenye msumari wa nne sauti ilimpungua. "Na hapa ni Yonasi. Tulikuwa tunatengeneza barabara ya Tunduma, mimi na yeye. Mpima ardhi akatuambia tusimame."

Enoka aliuliza zina thamani gani. Fundi alisema hajui, lakini kuna mtu aliwahi kuzitaka: Osea, mfanyabiashara wa mitumba pale Tunduma, ambaye huuza vioo na fremu na kununua chochote. Alikuja mara mbili akitaka kununua picha za ukutani zote kwa mkupuo. Damiano alimkatalia mara zote mbili, na mara ya pili bila chai.

Nyumbani hapo alikuwapo mtu mmoja tu siku ile, Ikupa, mke wa Hezron mtoto wa fundi. Hezron alikuwa migodini huko Rhodesia, na mke wa fundi alifariki mwaka juzi, kwa hiyo kaya nzima ilikuwa mikononi mwa binti huyo. Alitoka milimani kwa Wandali, Ileje, ambako mkaza-mwana haonani uso kwa uso na baba mkwe wake, hasemi naye, wala halitaji jina lake. Kwa Wanyiha wengi wa kanisani mambo hayo yalikuwa yamelegea, lakini Damiano aliyaheshimu. Kila alipoingia uani alikohoa mara tatu kwa nguvu, na upindo wa kitenge ukatoweka nyuma ya ghala. Asubuhi ile alikohoa hivyo hata Enoka akataka kumshauri aende zahanati.

"Tangu aje hajanitia machoni," fundi alimwambia, na hapo tu ndipo alipotabasamu. "Mkwe wangu namtunza. Najua kukohoa."

Basi Enoka alizunguka jikoni peke yake. Ikupa alimsalimu kwa kuinama, akajibu maswali huku akimenya viazi. Ndiyo, Jumamosi alikuwapo siku nzima. Ndiyo, alipaka sakafu, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amemtuma jirani Loisi aje aseme kwamba Jumapili wanakuja wageni na sebule ipakwe yote, mpaka ukutani, kona zinatia aibu. Hakumwona mgeni yeyote akiingia ndani. Ila mchana alipita Osea wa Tunduma, akamwulizia mwenye nyumba, akaondoka.

Kwa Enoka hilo lilitosha. Alipanda lori la mahindi akaenda Tunduma, na njiani alikwisha kumhukumu Osea, kumfunga, na kumhurumia mkewe.

Alimkuta Osea juu ya marobota ya mitumba, anabishana na mama mmoja kutoka ng'ambo juu ya koti lisilo na vifungo. Alikuwa mnene, mchangamfu, na alimwita kila mtu mukwai, yaani bwana kwa lugha ya ng'ambo, polisi na wateja sawasawa. Enoka alipekua kibanda chote. Alipata vioo, fremu tupu, picha ya mfalme, na picha ya bibi harusi asiyejulikana ambayo Osea aliapa ilikuja ndani ya mfuko wa koti. Za fundi hazikuwapo.

"Ulipita kwake Jumamosi," Enoka alisema.

"Nilipita. Nilitaka kumjaribu mara ya tatu. Yule binti akanijibu kutoka nyuma ya ghala kwamba hayupo, nikaenda zangu." Osea alijipepea kwa kofia. "Zimeondoka zipi, mukwai?"

Enoka alimtajia. Osea alisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa masikitiko ya kibiashara.

"Na ile ya chifu na askari wa Mjerumani imebaki?"

"Imebaki. Iko katikati ya zile zilizoondoka."

"Basi niondolee aibu. Mimi ningeanza na ile. Kuna Mzungu angeninunulia mashine ya kushonea kwa ile moja. Aliyeacha chifu akachukua wabeba maji na wachuma kahawa hakuja kuiba picha."

Ni vibaya sana kwa mpelelezi kufundishwa kazi na mshukiwa wake, na Enoka aliona haya. Lakini Osea alikuwa amesema kweli. Mtu alipita kwenye ukuta ule akichagua, na hakuchagua thamani. Alichagua nini?

Kesho yake, akirudi, aliteremka Mpemba na kwenda kwa Mama Teresia. Uani walikuwa wanatwanga mtama wa pombe ya harusi, na Priska, msichana mrefu mwenye macho makubwa, alimletea kigoda bila kuuliza kitu. Alijua kwamba mgeni angekuwa na picha angekuwa ameshaitoa. Teresia aliketi mkabala naye, mikono mapajani. Hakumlaumu Damiano hata kwa neno moja. Alisema tu kwamba amekuwa akijaribu kumweleza Priska uso ule kwa mdomo na kila mara anakwamia kwenye nyusi.

"Nieleze na mimi," Enoka alisema. "Yonasi amesimamaje?"

"Amesimama na sururu, anacheka. Alikuwa hawezi kunyamaza mbele ya watu. Mkono wake mmoja umelala begani kwa Damiano."

"Damiano yumo?"

"Ni wawili tu, baba. Walikuwa hawaachani hawa."

Enoka aliweka chini kikombe cha chai aliyoletewa. Mwenye kofia ya ukindu ni mimi. Mwenye karai ni mimi. Mimi nimechuchumaa mbele. Fundi alikuwa amemwambia kila kitu kwa kinywa chake mwenyewe, na yeye alikuwa akitafuta thamani. Picha nne, na katika zote nne uso mmoja.

Na sakafu. Hapo alijiona mjinga zaidi. Lile tabaka moja jembamba chini ya ukuta halikufuta nyayo za mtu. Mwaka mzima Ikupa alipaka sakafu ile kuanzia mlangoni, na kila mara aliishia katikati, kwa sababu kwenye ukuta wa mbele baba mkwe wake alikuwa amesimama mara nne akimtazama. Damiano alikohoa uani, akaondoka kwenda kibandani, akauacha uso wake ndani. Kisha akamtuma Loisi aje aseme sebule ipakwe mpaka ukutani.

Alimwacha Mama Teresia na ahadi ambayo askari mwenye akili haitoi, akafika Igamba jua limepinda. Hakwenda kwa fundi kwanza. Alizunguka jikoni, akamkuta Ikupa anachambua maharage, akaketi juu ya kinu kilicholazwa chini, mbali kidogo, ili asimtishe.

"Mwanangu, jana nilikuuliza swali baya," alisema. "Nilikuuliza kama mgeni aliingia. Sasa nakuuliza hivi: hizo picha umezihifadhi zisiharibike?"

Ungo ulisimama. Binti alilia bila sauti, na maneno yakaja taratibu. Alikuwa amefumba macho, akazishusha kwa kupapasa, akazigeuza kifudifudi na kuzifunga ndani ya kitenge chake cha harusi. Alijua misumari ya zile nne kwa sababu alimsikia mwenye nyumba kila Jumapili akiwaonyesha wageni: hapa ni mimi, na hapa ni mimi. Alikusudia kupaka sakafu, ikauke, azirudishe. Lakini udongo ulichelewa kukauka, kikohozi kikasikika uani, akakimbia. Baada ya muda mfupi akasikia mtu anaita mwizi. Angesema kwa nani? Mama mkwe, ambaye ndiye hupeleka maneno, hayupo. Mume yuko mbali. Kumwambia Loisi ni kuitangazia Igamba yote. Na mwenyewe hawezi kumsemesha mwenye nyumba. Kila siku iliyopita ilimzidishia uzito.

Kitenge kilikuwa ghalani, juu ya mahindi, mahali pakavu. Hakuna kioo kilichopasuka.

Enoka alikibeba mpaka sebuleni, akakifungua mbele ya Damiano, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Alitegemea furaha. Fundi aliishika picha ya Yonasi kwa mikono miwili, akaiangalia, kisha akauangalia ukuta, na uso ukamshuka.

"Mwaka mzima," alisema. "Mimi nakohoa huko nje kama mwenye akili, na humu ndani namkodolea macho mtoto wa watu anapofagia."

"Hukujua, Mzee."

"Nilipaswa kujua. Natazama picha kutwa. Nawaambia watu kwamba aliye pichani yumo humu nyumbani, tunaishi naye." Alikaa kwenye kiti cha cherehani iliyokuwa kando ya dirisha, akaitoa picha kwenye fremu yake. "Teresia anamtaka Yonasi. Hanihitaji mimi. Mkwe wangu naye anahitaji nyumba ya kuingia bila hofu. Mimi ndiye niliyezidi humu."

Akachukua mkasi. Enoka aliwahi kumsikia fundi huyo akimkaripia mzee mzima kanisani kwa kukata picha ya kaka yake, kwa hiyo alidhani anatania. Hakuwa anatania. Aliupima mstari kwa jicho, kati ya bega lake na kifua cha rafiki yake. Huwezi kukata pale bila kuuchukua ule mkono wa Yonasi.

"Baba, usikate."

Sauti ilitoka nje, upande wa pili wa ukuta, chini ya dirisha dogo. Damiano hakugeuka. Aligeuka jiwe pale alipoketi. Katika mwaka ule mzima alikuwa amekula chakula cha mkono wake, amevaa nguo alizofua, na hajawahi kuisikia sauti ile ikimwelekea yeye.

"Mkono wa Baba Priska uko begani kwako," sauti iliendelea. "Nimekusikia ukiwaambia wageni. Ukijikata wewe, utamkata na yeye mkono. Priska atajuaje kwamba baba yake alikuwa na rafiki?"

Kuku walikuwa wanachakura pale nje na Enoka alitamani wanyamaze.

"Umezisikia zote?" fundi aliuliza mwishowe. Alikuwa anaongea na ukuta, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

"Zote. Hata zile za sandukuni. Nazijua kwa masikio tu."

Damiano aliuweka mkasi chini. Alimwambia Enoka, kwa sauti ya kusikika nje, kwamba yule mbuzi jike mwekundu aliyefungwa mgombani alikuwa akimtunzia mkwe wake, awe zawadi ya siku atakapomfungua mwiko wa kutoonana, kwa heshima, mbele ya Hezron. Kwamba Hezron anachelewa na yeye amechoka kukohoa. Na kwamba Sajini wa serikali ni shahidi tosha. Kisha akaliita jina la binti huyo kwa mara ya kwanza.

"Ikupa. Mbuzi ni wako. Pita mlangoni, uje uone ulichokuwa unasikia."

Ilichukua muda. Kwanza ulionekana upindo wa kitenge, kisha miguu yenye udongo, kisha Ikupa mwenyewe, macho chini. Alipitia katikati ya sebule mpaka pale alipokuwa anaishia siku zote, akasimama. Halafu akapiga hatua nyingine. Fundi alimwekea picha juu ya meza ya cherehani, akarudi nyuma.

Enoka aliona hapo hapakuwa tena na kazi ya polisi. Alitoka, akaegemea baiskeli aliyoazima kwa ajili ya kuipeleka picha Mpemba, ambako Priska alikuwa anahesabu masaa. Alipaswa kuwaharakisha. Kutoka ndani alimsikia Ikupa akiuliza kwa kunong'ona huyu mwembamba mwenye masikio makubwa ni nani, na fundi akijibu kwa sauti ya mtu aliyefumaniwa kwamba huyo ni yeye. Kisha binti akacheka, akajizuia, akashindwa, na Damiano naye akacheka.

Sajini akaketi kizingitini, akawaacha waitazame kwanza.